Dawa chungu ya kucha: miezi mitano kwenye mikono ya muuza chapati

Nauza supu na chapati asubuhi, jirani na stendi ya daladala ya Sabasaba, hapa Dodoma mjini. Saa tisa na nusu usiku nimeshaamka. Saa kumi na moja na nusu moto umekolea na wateja wa kwanza, madereva wa bajaji, wameshavuta viti. Saa tano hivi naosha masufuria. Naanza na hilo kwa sababu maoni mengi niliyosoma kuhusu dawa hii chungu, inayopakwa kwenye kucha ili mtu aache kuzing'ata, yameandikwa na watu ambao mikono yao inashinda kwenye karatasi na kompyuta. Mikono yangu inashinda kwenye unga, mafuta, maji ya moto na noti za watu, na mambo yaliyonikuta sijaona mtu ameyaandika.

Kucha nimekula tangu darasa la pili. Nasema nimekula, sisemi nimeng'ata kidogo. Ukucha ukijitokeza kama uzi mweupe tu, meno yameshaufikia, na ukiisha nahamia kwenye ngozi ya pembeni hadi damu. Mama yangu, kule Mpwapwa, alihangaika na mimi sana. Alichemsha majani ya mwarobaini nikawa nachovya vidole. Alinipaka shubiri, ile ile wanayopaka akina mama kwenye ziwa mtoto akiachishwa kunyonya. Siku moja akanipaka pilipili kichaa, nikajifikicha macho, nikalia mpaka jua linazama. Hakuwahi kunipiga kwa ajili ya kucha, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Ila dawa zake zote zilishindwa na maji. Nikishanawa, uchungu umekwenda, kidole kimerudi mdomoni. Nikaolewa hivyo, nikazaa watoto watatu hivyo, nikafungua biashara hivyo.

Mwezi wa tano mwaka huu nikapata mdudu kidole, kidole cha kati mkono wa kulia. Kama hujawahi kuugua, ni uvimbe unaoanza pembeni mwa ukucha, unakuwa mwekundu, unatunga usaha, na usiku unapwita kama moyo umehamia huko. Nililala nimeuinua mkono juu ya mto siku tatu. Zahanati walipasua kidogo, usaha ukatoka, nikapewa dawa za kumeza. Daktari aliuangalia mkono wote, si kidole kimoja, akaniambia bila ukali kwamba mdomo umejaa vijidudu, na kila ninapovuta ngozi kwa meno nafungua mlango halafu navipitisha mwenyewe. Akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, akanyamaza. Siku tisa sikukanda unga.

Lakini mdudu kidole haukuniuma kama jambo jingine lililotokea wiki chache kabla yake. Nilikuwa na mteja, mama mmoja mtumishi, anayepanda gari la asubuhi kwenda Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Kila siku chapati mbili na chai ya maziwa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesimama nasubiri sufuria ichemke, mawazo yako mbali, kidole gumba mdomoni. Nilipogeuka nikakuta ananiangalia. Aliacha chapati ya pili haijaguswa, akalipa, akasema asante, akaondoka. Hajarudi. Hakunisema vibaya, na hana kosa lolote. Mimi mwenyewe ningeondoka. Kadi yangu ya kupima afya ipo, aproni nafua kila siku, kilemba navaa, maji ya kunawa ya vuguvugu naweka pale mezani kwa kila mteja. Yote hayo niliyafuta kwa kidole kimoja, na roho iliniuma kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Ndiyo nikaanza kutafuta dawa.

Chupa ya kwanza niliinunua kwa mchuuzi wa vipodozi mezani, shilingi 5,000. Kibandiko kizuri, picha ya mkono mzuri. Nilipopaka na kuonja, hakuna kitu. Ilikuwa rangi ya kawaida isiyo na rangi, ya kung'arisha kucha. Sijui kama yule mchuuzi naye alidanganywa huko alikochukua mzigo, kwa hiyo simlaumu. Ila hela ilikwenda. Ya pili niliipata famasi, katikati ya mji, shilingi 18,000, chupa ya mililita 10 yenye kibrashi ndani ya kifuniko. Mfamasia, kijana mpole sana, alinifundisha kuangalia vitu vitatu: kifuniko hakijafunguliwa, tarehe ya kuisha muda ipo, na jina la kinachofanya uchungu limeandikwa. Akanionyesha jina lenyewe kwa kidole, denatonium benzoate. Kama jina hilo halipo kwenye orodha, alisema, uliza uchungu unatoka wapi. Aliniambia pia kwamba tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, shirika la viwango, na siyo tena iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo mtu akiuziwa kitu cha ovyo ajue pa kupeleka malalamiko.

Nilimuuliza hicho kitu ni sumu au la, maana nakwenda kukilamba. Akanieleza kwamba kiligunduliwa mwaka 1958 huko Edinburgh, Uskoti, watafiti wakiwa wanashughulika na dawa za ganzi za jamii ya lignocaine, ile wanayochoma wakitaka kung'oa jino. Hawakuwa wanatafuta uchungu, walikutana nao tu, na mpaka leo kinahesabiwa kuwa kitu kichungu kuliko vyote vinavyojulikana. Ndicho wanachotia kwenye spiriti ya viwandani ili watu wasiinywe. Kiasi chake kwenye kucha ni kidogo sana na hakidhuru, ila usiipake kwenye kidonda kibichi, na usiipake karibu na moto kwa sababu majimaji yake yanashika moto kabla hayajakauka. Hilo la moto nawasisitizia wenzangu wa jikoni. Mimi napakia chumbani, dirisha wazi, jiko liko nje.

Uchungu wenyewe haufanani na wa mwarobaini. Mwarobaini unakupiga kwenye ncha ya ulimi, ukitema mara mbili umepungua. Huu unakuja taratibu, unakwenda kukaa nyuma karibu na koo, na ukinywa chai ili kuusafisha, sukari inageuka kuwa kitu cha ajabu mdomoni. Mara ya kwanza nilikaa nao karibu dakika kumi. Maziwa yanasaidia kidogo. Maji matupu yanausambaza tu.

Siku mbili za kwanza nilifurahi mno. Siku ya tatu nikaharibu chapati.

Nilikanda kilo tatu usiku ule kama kawaida, maji ya moto, chumvi, mafuta ya alizeti, nikaupumzisha unga, nikakata madonge, nikasukuma. Saa kumi na mbili na robo dereva mmoja wa bajaji, mteja wangu wa miaka, akatafuna, akasimama kutafuna, akaniuliza taratibu ili wengine wasisikie, "Mama, mafuta ya leo yameharibika?" Nikaonja yake. Nikaujua uchungu ule kabla sijameza. Nikaonja nyingine, haina kitu. Nyingine tena, chungu. Nikaangalia kucha zangu nikaona dawa imebanduka vipande, ule utando wake kama ganda la kitunguu, na vipande vimeingia kwenye donge hili vikaacha lile. Maji ya moto, mafuta na kule kukandakanda kwa nusu saa vilikuwa vimeung'oa.

Nilizima jiko. Nilimwambia kila aliyekaa kilichotokea, nikawarudishia hela zao watu 11, nikamwaga chapati 40 na kitu. Sikutaka mtu ale kipande cha rangi ya kucha kutoka mezani kwangu, hata kama mfamasia amesema hakidhuru. Baadaye nilirudi kumuuliza inawezekanaje kitu kidogo vile kiharibu unga wote. Akanipigia hesabu: gramu 10 tu za kitu hiki kwenye tani nzima ya maji, na watu wengi hawataweza kuyameza maji hayo. Ulimi unakisikia hata kikiwa pungufu ya hapo.

Kwa hiyo hili ndilo la kwanza ninalowaambia mama lishe, wauza maandazi, wakanda mkate, wapika vitumbua, na yeyote anayetia mkono kwenye chakula cha mwingine: dawa hii na unga havikai pamoja. Maelezo ya kwenye kiboksi hayakusema. Wangeweza kuandika mstari mmoja tu. Glavu za plastiki nilijaribu siku mbili. Kwenye kukanda zinavutika na kuchanika, na kwenye chuma cha chapati zinanyauka kwa joto, ni hatari.

Nilichofanya ni kumwachia unga binti anayenisaidia. Mimi nikabaki kwenye supu, chai na hela, na kugeuza chapati kwa kijiko. Nilimwongezea shilingi 2,000 kwa siku, kwa sababu kukanda kilo tatu ni kazi ya mabega na haki yake ilikuwa kulipwa. Kwa wiki tisa ambazo chupa ile ilinipeleka, hesabu yake ni zaidi ya shilingi 100,000. Mtu akiniuliza dawa ni bei gani siwezi kumjibu 18,000.

La pili ambalo kiboksi hakikusema ni ugali. Aliyetengeneza dawa hii anakula kwa uma. Sisi tunakula kwa mkono, na tonge unalifinyanga kwa vidole vilevile ulivyopaka. Chakula cha mchana kikawa adhabu. Wali unaweza kula kwa kijiko na hakuna atakayekutazama. Lakini mama mkwe wangu alikuja kutoka Mvumi kutusalimia mwezi wa saba, nikapika ugali wa uwele na mlenda kama anavyopenda, tumekaa mkekani, tumenawa, nami nikachukua kijiko.

Hakusema kitu mpaka tulipomaliza. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mkono wangu umekuudhi?" Kwa Wagogo, na hata kwetu, kula sahani moja mkono kwa mkono ni undugu wenyewe. Niliona aibu hadi nikatetemeka. Nikamwonyesha kucha zangu, nikamweleza yote, chapati, mdudu kidole, yule mama wa Mtumba. Alishika mkono wangu akaugeuza huku na huku kama anavyoangalia mbegu. Akasema hakujua kama ni jambo kubwa kiasi hicho, alidhani ni tabia tu ya kuwaza. Kuanzia siku hiyo alikuwa ananimegea tonge, ananiwekea upande wangu wa sahani tayari limefinyangwa, nachovya mlenda kwa kulishika ubavuni. Wiki nzima aliyokaa kwangu alifanya hivyo. Nimeandika mengi hapa kuhusu dawa, lakini lile tonge la mama lilinisaidia kwa namna yake.

Sasa kama dawa ina gharama yote hiyo, je, inafanya kazi?

Inafanya, ila siyo kazi niliyodhani. Nilidhani itanizuia. Haizuii, inakuamsha. Kwa miaka yote mkono wangu ulikuwa unakwenda mdomoni bila mimi kujua, kama mtu anavyopepesa macho. Sasa kila ulipofika, ulimi ulipiga kelele, nikashtuka: kumbe niko hapa, nafanya hivi, nawaza nini? Kazi ya dawa inaishia hapo. Ukishaamka, kitakachofuata ni chako.

Hilo lilinifunguka kwa msaada wa mtoto wa dada yangu, anasoma saikolojia pale Chuo Kikuu cha Dodoma. Alikuja Jumapili moja akanikuta nalalamika. Akaniambia, "Mamdogo, mkono umeunyang'anya kazi hujaupa nyingine." Akanieleza kuwa mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, waliandika njia ya kuacha tabia za namna hii, na mpaka leo ndiyo inayofundishwa. Kwanza ujue saa na mahali mkono unapoondoka. Pili, ukiona unaondoka, uupe kitu kisichowezekana kufanyika pamoja na kung'ata, kukunja ngumi au kushika kitu kwa nguvu, dakika moja hadi tatu, mpaka hamu ipite. Tatu, mtu wa karibu akusaidie, akukumbushe bila kukusimanga na akupongeze ukifaulu.

Nilichukua daftari langu la mikopo, lile la wanaokula na kulipa mwisho wa mwezi, nikawa napiga alama pembeni kila mkono ukipanda. Siku ya kwanza alama 37. Nilipozitazama baada ya wiki ndipo nilipokaa chini. Asubuhi wakati wa wateja wengi, alama mbili tatu. Kuanzia saa nne, watu wanapoanza kusema "niandikie mama", zinaongezeka. Na usiku, saa mbili hadi saa tatu, ninapojumlisha nani ananidai na nani namdai, ukurasa umejaa. Kumbe sili kucha kwa njaa ya kucha. Nakula madeni ya watu. Jambo hilo sikulijua kwa miaka 30, na limeonekana kwenye daftari la shilingi 1,000.

Basi nikapunguza mikopo. Nikaweka mwisho, mtu mmoja asizidi shilingi 10,000. Wateja wanne walihama, wengine walizoea. Na wakati wa hesabu za usiku mkono wa kushoto naupa kazi, nashika fundo la kitambaa nililojaza mtama, nalikamua. Mwanangu wa kwanza ndiye msaidizi wangu. Tulikubaliana asiseme "acha", aseme "mtama". Anasema kwa sauti ndogo tu, nami nachukua fundo langu.

Kuna kitu kingine ambacho mtu wa pwani huenda asikione, hali ya hewa yetu. Mwezi wa sita hadi wa nane Dodoma ina baridi kavu na upepo wa vumbi. Ngozi inapauka, midomo inapasuka, na pembeni mwa kucha vinanyanyuka vile vigozi vidogo vigumu. Kigozi kikishanyanyuka ukakisikia kwa kidole kingine, huna amani mpaka ukitoe, na meno ndiyo ya karibu. Mafuta ya mgando usiku, kwenye kila kidole, yalipunguza alama zangu pengine kwa nusu. Kopo la shilingi 1,500. Ningeyajua haya kabla, ningeanza na mafuta wiki mbili ndipo ninunue dawa. Ila usipake vyote kwa mpigo: dawa kwanza juu ya ukucha mkavu, ikauke kabisa, ndipo mafuta kwenye ngozi. Ukianza na mafuta, dawa haishiki.

Niseme pia kuhusu vijana wa kucha, wale wanaopita mitaani na vikapu vya rangi. Anayepita kwangu Nkuhungu siku ya Jumatano nilikuwa namkwepa miaka yote, kwa aibu ya kumpa vidole vilivyo vile. Mwezi wa nane nilimwita. Hakushangaa hata kidogo. Aliniambia wateja wake wengi wana kucha kama zangu na wengine ni wanaume, wanampigia simu awafuate ndani. Alilainisha kingo kwa kimsasa chake kila Jumatano, shilingi 1,000, maana ukingo wenye mikwaruzo nao unaita meno. Mkono wake mwepesi na ni mkweli: nilipouliza kucha za kubandika alinikatalia, akasema kwa kazi ya unga hazifai, uchafu unajificha chini yake, na gundi itaumiza ukucha mchanga. Angeweza kunibandika akachukua hela yake. Namsifu kwa hilo. Ombi langu kwake, na nimeshamwambia, ni kwamba vifaa vyake vinapita mikono ya watu wengi mno. Mimi nimenunua nelikata yangu na kimsasa changu, anatumia hivyo. Kila mtu afanye hivyo, hasa mwenye vidonda.

Maendeleo ni ya polepole. Ukucha wa mkono unaota takriban milimita 3 kwa mwezi, na ukitaka kuubadilisha wote kutoka kwenye shina hadi ncha ni kama miezi sita. Mwezi wa kwanza nilikuwa naangalia kila asubuhi nakata tamaa. Nikaacha kuangalia. Mwezi wa tatu, vidole vinane vilikuwa na kingo nyeupe.

Mwezi wa tisa nikaanguka. Msimamizi wa mafundi wa ujenzi waliokuwa wanakula kwangu aliondoka na deni la shilingi 86,000, deni la kabla sijaweka ule mwisho. Usiku huo nilikula kucha mbili za mkono wa kushoto, huku dawa ipo, mbichi, ya jana yake. Niliusikia uchungu wote na nikaendelea. Ndiyo maana nakataa wanaosema kwamba ukipaka tu imekwisha. Huzuni ikizidi, ulimi unavumilia chochote. Mtoto wa dada yangu aliniambia kuanguka si kurudi mwanzo, vidole vinane bado vipo. Nilihesabu, ni kweli vilikuwepo.

Tathmini yangu ya chupa, basi. Kwa mtu wa ofisini, mwanafunzi, dereva, fundi cherehani, naipa 8 kwa 10, mradi uipake kila baada ya siku mbili na uoshe zaidi kabla ya kula kwa mkono. Kwa mpika chakula naipa 4, na iwe kwa likizo au kama una mtu wa kukupokea unga. Baada ya ile ya famasi sikununua nyingine. Wiki tisa zilitosha kuniamsha, na tangu hapo natembea na fundo la mtama, mafuta na daftari. Famasi ile naipa 10, kwa kijana aliyemweleza muuza chapati kama anavyomweleza mtu yeyote. Watoto wadogo wanaofikicha macho, soma kwanza umri ulioandikwa kwenye kiboksi na umuulize mfamasia. Wangu wa mwisho, wa miaka saba, ameanza kung'ata. Yeye sijampaka kitu. Nampaka mafuta usiku na kumuuliza siku yake ilikuwaje shuleni, na tayari ameshaniambia kuhusu hesabu na mtoto anayemsukuma kwenye foleni ya uji.

Unga nimeurudia mwezi wa kumi. Mkono mtupu, kucha fupi, safi, hazina kidonda. Binti nimemwachia siku mbili za kukanda kwa wiki kwa sababu amekuwa hodari kuliko mimi kwenye kulainisha, na ile 2,000 yake ya siku hizo ipo palepale.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Mvumi. Mvua zinakaribia, mama mkwe anaandaa mbegu za karanga, na mbegu haitwangwi wala kupigwa, inamenywa moja moja kwa kidole gumba ili isiumie. Kila mwaka kazi hiyo nilikuwa naikwepa, naomba nichote maji au nichanje kuni, kwa sababu kidole gumba changu hakikuwa na kitu cha kupasulia ganda, ilikuwa nyama kwenye ganda. Mama aliweka ungo katikati yetu bila kusema neno. Nikachukua karanga, nikatafuta ule mshono wake, nikabonyeza kwa ukucha. Ikafunguka. Nikachukua nyingine. Tulimenya mpaka kuku wakapanda kulala, na ganda la mwisho alinipa mimi.